Vichuguu vya Mwanhelo

Milembe hakuwa na saa aliyoipenda kama ile ya kupima udongo asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Alitoka nyumbani na fimbo yake ya kupimia begani, akapita uwanja wa shule, akaichoma ardhini, taa ikawaka kijani. Akavuka barabara akaingia malishoni, akachoma tena, kijani. Kwenye mahindi vilevile. Miaka tisa nyuma fimbo ya aina hiyo ingewaka nyekundu kila mahali hadi ukadhani imeharibika, maana Mwanhelo kilikuwa kijiji cha dhahabu, na dhahabu ilipokwisha iliwaachia wenyeji risasi, zebaki na arseniki ardhini.

Daftari la Ardhi halikupima udongo wote kwa kipimo kimoja. Uwanja wa shule ulibanwa sana, kwa kuwa watoto hutia vidole vichafu mdomoni. Mahindi yalibanwa kidogo, malisho chini ya hapo, na udongo wa matofali uliachiwa karibu uhuru wote, kwani nani anakula tofali? Hayo ndiyo maneno ya Tume ya Udongo yenyewe, na mkutanoni watu waliyacheka wakayakubali.

Aliyesafisha ardhi hiyo si trekta wala dawa. Ni mchwa. Wataalamu wa Tume walikuwa wameufundisha mwili wa mchwa kazi mpya: kula udongo wenye sumu, kuifunga sumu ndani ya mate yao, na kuijengea katika moyo wa kichuguu. Ngozi ya nje ya kichuguu ilikuwa safi. Moyo ukijaa, mchwa waliacha kujenga wenyewe, lori la Tume likaja kuuchukua moyo ule mzima na kwenda nao kunakoyeyushwa madini. Milembe ndiye aliyewatunza mchwa hao. Alijua ukubwa wa kila kichuguu, alijua ni malkia yupi mvivu na yupi mchapakazi, na watu walimtania kwamba anawasalimia mchwa kabla hajamsalimia mumewe.

Kilibaki kipande kimoja tu cha ardhi, nacho ni mwalo, yaani pale wachimbaji wa zamani walipooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Familia kumi na mbili zilikuwa na viwanja pale, kimojawapo cha baba mkwe wake, Mzee Mahushi. Ijumaa hiyo Tume ingekuja kutia sahihi kwamba mwalo ni safi, na mvua zikianza wangepanda mpunga.

Milembe akachoma udongo wa mwalo, kijani. Akatabasamu peke yake. Kisha, kwa mazoea tu, akaigusisha fimbo kwenye ngozi ya kichuguu kikubwa kilichosimama pembeni, upande wa kivuli, usawa wa kifua chake.

Nyekundu.

Alidhani ni betri. Akaipangusa ncha kwa upindo wa kanga, akagusa shibiri moja kushoto. Kijani. Akarudi pale pale. Nyekundu. Akainama kutazama vizuri, ndipo alipoona kwamba mahali pale palikuwa na kiraka, kikubwa kama kiganja, cheusi na laini kuliko ngozi ya pembeni. Chini yake kulikuwa na kingine. Alihesabu saba, vyote upande wa kivuli, vyote usawa wa mkono wa mtu mzima.

Aliweka vidole vyake kwenye kiraka cha nne, vikaingia sawasawa. Kiraka kile kilikuwa chake. Alikuwa ameukwangua udongo pale Jumapili, kwa kisu cha jikoni, huku akitazama nyuma kama mwizi.

Milembe alikuwa na mimba ya miezi minne na alikuwa anakula udongo. Wanawake wa Mwanhelo waliuita pemba, na wajawazito wote walikula, kama walivyokula mama zao na bibi zao, na mtamu kuliko wote ulikuwa wa kichuguu, upande wa kivuli, ambako ni laini na una harufu ya mvua ya kwanza. Lakini walikula kwa siri. Mwanamke akionekana anatafuna pemba ametangaza mimba, na mimba haitangazwi, huachwa mpaka ionekane yenyewe. Mbele ya wakwe ndiyo usiseme kabisa.

Sasa alielewa kilichotokea. Wanawake walipokwangua ngozi, mchwa waliona ukuta wao umetobolewa. Wakaziba. Walizibia kwa udongo uliokuwa karibu na tayari umelowa mate, nao ni ule wa moyoni. Wanawake wakarudi pale pale palipo laini, wakakwangua kiraka.

Mfukoni alikuwa na kipande kilichofungwa kwenye ukurasa wa kalenda ya zamani. Akakichoma kwa fimbo. Risasi, sehemu mia tatu na arobaini katika kila milioni. Kwa matofali, ruksa. Kwa mahindi, hapana. Kwa kula, Daftari halikuwa na mstari.

*

“Umekula kwa muda gani?” aliuliza Sista Devota, muuguzi wa zahanati, akiwa ameshika kidole cha Milembe kwenye mashine ya damu.

“Wiki sita.”

“Kila siku?”

“Ningependa kukudanganya, Sista.”

Muuguzi akacheka kidogo, akasubiri namba zitulie. Milembe hakuthubutu kutazama kioo. Alitazama bango la chanjo ukutani akasoma sentensi moja mara tano bila kuielewa.

“Risasi imepita ya kawaida,” alisema Sista Devota. “Haijafika ya kutisha. Ukiuacha huo leo, ukala dagaa, maziwa na mboga za majani, itashuka. Utakuja kila wiki niitazame. Na mtoto nimemsikiliza, anakwenda vizuri kabisa.”

Milembe alilia. Hakuona aibu, alilia mpaka kanga ikalowa, na kilio hicho kilikuwa cha shukrani zaidi ya woga. Muuguzi akamwacha amalize.

“Na wenzako?” aliuliza baadaye.

“Wenzangu gani?”

“Milembe, mimi nimejifungua mara tatu hapahapa. Usinifanye mgeni.”

Milembe akaanza kuifunga kanga yake upya.

“Damu yako ni siri yako,” alisema Sista Devota. “Mimi siipeleki popote mpaka uniambie. Lakini viraka ni saba, na wewe una mdomo mmoja.”

*

Sokoni, Mama Holo alikuwa anauza dagaa juu ya meza, na chini ya meza, ndani ya ndoo yenye mfuniko, aliuza pemba. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini, na alijua mimba za kijiji kabla ya waume kuzijua. Milembe alipochuchumaa na kumnong'oneza, hakubisha wala hakuuliza mara mbili. Aliibeba ndoo, akaenda nayo mpaka shimo la taka, akaimwaga yote, kisha akarudi akaketi na kuvuta pumzi ndefu.

“Vichuguu vya zamani vilikwisha,” alisema. “Vilisagwa vikawa matofali. Nikaona hivi vipya, udongo wake laini ajabu. Nikasema Mungu kanikumbuka. Ni wangapi niliowauzia, mwanangu?”

“Wewe ndiye unayejua, mama.”

Mama Holo alihesabu kwa vidole, akarudia vidole. Halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata njia: “Hili ni la kwetu. Nitaliachia kisimani jioni hii, na kesho hakuna mwanamke atakayekigusa kichuguu. Sista atawaita mmoja mmoja, atawapima. Huyo Barongo wa Tume atapata nini hapo?”

Milembe alijua Barongo angepata nini, maana Kanuni ya Kumi na Nne aliijua kwa moyo. Sumu ya mchwa ikithibitika kuingia kinywani mwa mtu, mchwa wote wa kijiji hulazwa kwa moshi, na ardhi ambayo haijatiwa sahihi hufungwa kwa misimu miwili. Ardhi isiyotiwa sahihi ilikuwa moja tu.

“Basi tuambizane kisimani,” alisema.

Alirudi nyumbani mwepesi. Jambo limekwisha, mtoto mzima, ardhi safi, hakuna aliyeaibika. Alipika ugali akauandalia mboga ya maziwa, akampigia mumewe Nkwabi, aliyekuwa akichomelea mabati Kahama, wakacheka juu ya jina la mtoto hadi salio likaisha.

Mzee Mahushi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, mbele yake sahani tatu za mbegu za mpunga. Alikohoa kwa mbali kabla ya kusema, kama alivyofanya siku zote, ili mkwewe ajiweke sawa.

“Mama, njoo unichagulie. Macho haya hayaoni tena punje mbovu.”

Milembe akapiga magoti kwa adabu upande wa pili wa sahani, wakachagua pamoja. Mikono ya mzee ilitetemeka. Ilikuwa inatetemeka tangu Milembe aolewe, na sababu haikuwa uzee. Kwa ujana wake wote mzee alikamua zebaki kwa viganja vitupu palepale mwaloni, akamwaga maji machafu palepale.

“Nilikitia sumu mwenyewe kile kiwanja,” alisema, kama aliyesikia mawazo yake. “Hakuna aliyenituma. Sasa nataka nikipande mpunga na nile ubwabwa wake mbele ya hawa wazee wenzangu wanaosema ardhi ile haitasamehe. Miaka tisa nimengoja. Ijumaa tunatiwa sahihi, mama.”

“Ijumaa, baba,” alisema Milembe.

Simu yake ikalia ujumbe wa Tume. Ilikuwa orodha ya vijiji vinane vitakavyopelekewa mchwa wiki ijayo, na chini yake jina la mkufunzi atakayewapeleka malkia na kuwafundisha watu. Jina lilikuwa lake. Malkia wenyewe walikuwa wametulia ghalani kwake, kila mmoja kwenye kikopo chake, wanene na wapole.

Vijiji vinane. Kila kijiji na kisima chake, na Mama Holo wake, na hakuna hata mmoja ambaye neno la kisima cha Mwanhelo lingemfikia. Milembe aliendelea kuchagua mbegu, lakini furaha ya jioni ilikuwa imekwisha kumtoka, na akagundua amekuwa akiweka punje nzuri kwenye sahani ya mbovu.

“Macho yako nayo,” alisema mzee akimtania.

*

Mkutano wa Ijumaa ulifanyika kwenye ghala la ushirika. Wanaume walikaa mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye mikeka. Barongo, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alisoma vipimo vya mwalo kwa sauti ya kuridhika, maana kazi ile ilikuwa yake tangu mwanzo na aliipenda kwa dhati. Alikumbusha jinsi walivyokuja mara ya kwanza na kuuliza watu wanamtumiaje mchwa. Wazee walijibu kumbikumbi, tena kwa mate kuwajaa kinywani, na kwa ajili hiyo wataalamu wakatengeneza mchwa wasioota mbawa, ili asiwepo wa kuliwa. Wakauliza kichuguu wanakifanyia nini. Wazee wakajibu matofali, tanuri na kusiriba kuta.

“Hatukuacha kitu,” alisema Barongo. “Kabla sijatia sahihi, mtunza mchwa ana la kuongeza?”

Milembe akasimama. Alikuwa amepanga kuanza na vipimo, lakini vipimo vilimkimbia.

“Mimi ninakula udongo,” alisema.

Mzee Mahushi, aliyekuwa kiti cha pili kutoka mbele, akainamia viatu vyake. Milembe alihisi uso unamuwaka. Alikuwa amemwambia baba mkwe wake, mbele ya kijiji kizima, kwamba ana mimba, na hakuna mkwe aliyewahi kufanya hivyo Mwanhelo. Hata hivyo akaendelea. Alisema ya viraka, ya mchwa kuziba kwa udongo wa moyoni, ya namba kwenye kipande chake na namba kwenye damu yake. Hakupunguza kitu.

“Kijiji hiki tungeweza kuambizana kimyakimya,” alimalizia. “Vile vinane hatuwezi. Malkia wao wako nyumbani kwangu, na siwezi kuwapeleka.”

Barongo alifungua Daftari, akapekua kurasa, akafunga. “Lakini matumizi hayo hayamo humu,” alisema taratibu.

“Ndiyo maana nimesimama.”

Mkeka mmoja ukaparuza sakafu nyuma, Mama Holo akanyanyuka huku akijikongoja. “Asisimame peke yake. Mimi ndiye ninayewauzia.”

Akasimama mwingine, mwenye tumbo lililokwisha kuonekana. Akasimama mke wa mwenyekiti. Akasimama Sista Devota mlangoni, ambaye alikuwa amesimama tangu mwanzo, kwa hiyo akanyoosha mkono. Walipokwisha walikuwa ishirini na watatu, na wanaume walikuwa wamegeuka kwenye viti vyao wakiwatazama kama watu walioletewa wake wapya.

“Nisaidieni kuelewa,” alisema Barongo, na haikuwa hasira, alikuwa ameumia. “Nilipouliza, kwa nini hamkusema?”

“Uliuliza tumekaa na wakwe zetu,” alijibu Mama Holo.

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha ghala zima, na Barongo naye akacheka huku akijipangusa macho, maana kwa miaka tisa alikuwa amejisifu kwamba hakuacha kitu.

Kicheko hakikubadili Kanuni. Jioni hiyohiyo mchwa walilazwa. Mwalo ulifungwa kwa misimu miwili, na utepe wa njano ukazungushwa kwenye viwanja kumi na viwili. Malkia wanane walirudishwa maabara, ambako wangefunzwa kuziba kuta zao kwa mchanga wa nje. Na kabla ya kupanda gari, Barongo aliketi kwenye mkeka wa wanawake kwa saa mbili nzima, kalamu mkononi, akiuliza udongo upi, upande upi, msimu upi, na Mama Holo akimjibu kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi aliyechelewa. Kwa ushauri wake, kila kijiji kingeachiwa kilima kimoja cha pemba kisichotiwa mchwa wa Tume, kitakachopimwa kwa ukali kuliko hata uwanja wa shule.

*

Mzee Mahushi hakusema neno kwa siku nne. Alikula chakula alichopelekewa, akaitikia salamu, basi. Milembe alijua ni kile kiwanja. Kila alipopita uani aliziona sahani tatu za mbegu zimefunikwa kwa ungo, na moyo ukamuuma, kwa sababu alimpenda mzee yule, na alijua miaka miwili kwa mtu wa sabini na nne si kama miaka miwili kwa wengine. Hata hivyo hakujuta. Risasi katika damu yake ilikuwa imeshuka, na katika damu za wenzake pia ilikuwa inashuka, na asubuhi ya siku ya tatu mtoto alicheza kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano alfajiri mzee hakuwepo. Kigoda chake kilikuwa kitupu, na viatu vyake vya kutembelea mbali havikuwepo mlangoni. Alirudi saa saba, vumbi hadi magotini, akasimama mbali na mlango wa jikoni, akakohoa.

“Mwangaluka, mayu,” alisema, yaani habari za asubuhi, mama, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha.

“Mwangaluka, baba. Umetoka wapi na jua lote hili?”

Alikuwa amebeba kikapu kidogo. Alikiweka chini katikati yao, akarudi nyuma hatua mbili, kama inavyopasa.

“Lete fimbo yako,” alisema.

Milembe akaleta. Ndani ya kikapu, juu ya majani mabichi, kulikuwa na mabonge matano ya udongo wa kichuguu, ya kijivu, makavu na laini. Akachoma la kwanza. Kijani. Akatazama namba, akachoma la pili, akatazama tena, maana tangu ameanza kazi hiyo hakuwahi kuona namba ndogo vile.

“Ni wa ng'ambo ya mto,” alisema mzee, akizungumza na ukuta. “Kule kilima cha mawe, hakuna aliyewahi kuchimba. Kuna kichuguu cha mchwa wa kawaida, wale wa babu. Nimeambiwa upande wa kivuli ndio mtamu. Nimeishi miaka yote hii sikujua.”

“Umeambiwa na nani, baba?”

“Nilimuuliza Mama Holo.” Akakung'uta vumbi magotini. “Sokoni. Mbele za watu.”

Milembe akaziba mdomo kwa kanga asicheke, kisha akaona kwamba hatacheka, machozi yanakuja.

“Kuhusu kiwanja,” alianza, “nisamehe, baba. Umengoja miaka tisa.”

“Ile tisa nilingoja peke yangu,” alisema mzee. “Hii miwili nitangoja na mjukuu. Na mpunga wake atakula akiwa na meno.”

Milembe akaingia ndani, akatoka na Daftari la Ardhi, toleo jipya lililoletwa juzi. Baada ya mstari wa matofali palikuwa na mstari ambao haujaandikwa kitu. Akaandika kijiji, akaandika kilima cha ng'ambo ya mto, akaandika namba. Penye matumizi akaandika: kuliwa. Penye jina la aliyeleta sampuli akaandika Mahushi, kwa herufi kubwa, akamwonyesha kwa mbali, na mzee, ambaye macho yake hayakuona hata punje mbovu, akasoma akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Milembe akamega pembe ndogo ya bonge, kiasi alichoruhusiwa na Sista Devota, akaitia mdomoni. Mzee Mahushi akageuza uso kuyatazama mahindi, kama adabu inavyotaka, lakini hakuondoka mpaka aliposikia unatafunwa.